Kwa leo au kwa kesho? Asubuhi ya wawili katika Soko Kuu la Valencia

Ukitaka kumjua vizuri mtu unayeishi naye, usimpeleke hotelini. Hotelini kila mtu ni mpole. Kitanda kimetandikwa, chai imeletwa, na hakuna anayeuliza leo tunakula nini. Mpeleke sokoni, tena soko la nchi ambayo hamjui lugha yake, mkiwa na njaa na hela za kuhesabu. Hapo ndipo utajua nani ana subira ya foleni, nani hununua kwa macho, na nani akimwona mkunga hai anajinyonganyonga kwenye beseni anarudi nyuma hatua tatu.

Soko lenyewe liko Valencia, mji wa tatu kwa ukubwa nchini Hispania, kwenye pwani ya Mediterania. Kwa Kivalensia linaitwa Mercat Central, kwa Kihispania Mercado Central, na maana ni ileile: Soko Kuu. Najua wengi wetu tukipata viza ya Schengen mawazo yanakimbilia Barcelona, kwa sababu ya mpira, au Madrid, kwa sababu ndege inatua huko. Sikatai. Lakini kutoka Madrid hadi Valencia ni saa mbili hivi kwa treni ya mwendo kasi, na mkifika mtakuta kitu ambacho miji hiyo mikubwa inahangaika kukibakiza: soko la kale, zuri kama jumba la kifalme, ambalo bibi wa mtaa wa pili bado anakwenda na kikapu chake cha magurudumu kununua samaki wa mchana.

Msije mkadhani hilo ni jambo dogo. Masoko haya ya kale ya Hispania yana ugonjwa wake. Angalia La Boqueria ya Barcelona, pale kwenye La Rambla. Ni soko lenye historia ya karne nyingi, na paa lake la chuma ni la mwaka 1914. Likawa maarufu, watu wakafurika, lakini wengi wao walikuja na kamera, si na kikapu. Ikafika mahali mwaka 2015 halmashauri ya mji ikazuia makundi makubwa ya watalii kuingia siku za Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ili mwenye kununua kabichi apate pa kupita. Muuza nyama hafanyi biashara na mtu anayempiga picha. Taratibu, kizimba cha nyama kinageuka kizimba cha juisi na matunda yaliyokatwakatwa kwenye vikombe vya plastiki, kwa sababu hicho ndicho mpita njia anachonunua.

Madrid nayo ina San Miguel, soko la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1916. Lilichoka, likakarabatiwa, likafunguliwa upya mwaka 2009 kama mahali pa kula vitafunio na kunywa. Limependeza, tena sana! Ila ukitaka kilo ya viazi, tafuta kwingine. Hata Valencia yenyewe wanalo Mercado de Colón, la mwaka 1916 pia, kazi ya mbunifu Francisco Mora, matofali na vigae vya rangi mpaka unasimama kutazama. Tangu ukarabati uliokamilika 2003 limekuwa zaidi mahali pa mikahawa. Mtakwenda, mtakunywa kitu, mtapiga picha. Ndiyo, pendezeni. Lakini lile la kununua chakula ni hili jingine.

JUMBA LA MBOGA

Mkitokea upande wa Plaça del Mercat mtaona kwanza kuba. Lina urefu wa kama mita 30, na juu yake kuna kielekeza upepo chenye umbo la kasuku. Wenyeji wanampenda sana kasuku wao, maana anajulikana kwa jambo moja, kusema, na chini yake kila siku watu wanasema hasa. Upande wa samaki kuna kuba jingine, na juu yake kasimama samaki wa chuma, chuchunge mwenye pua kama upanga.

Ujenzi ulichukua miaka 14, kuanzia 1914 hadi 1928. Waliochora ni Francesc Guàrdia na Alexandre Soler, wabunifu waliokuwa wamefanya kazi na Lluís Domènech i Montaner, yule aliyejenga ukumbi wa muziki wa Palau de la Música kule Barcelona. Kwa hiyo msishangae kuona nguzo za chuma zimesukwa kama maua, vioo vya rangi juu ya milango, na vigae vya kauri vilivyochorwa machungwa na mboga. Mfalme Alfonso XIII alilifungua rasmi Januari 1928. Eneo lake ni zaidi ya mita za mraba 8,000, na husemwa kuwa ni moja ya masoko makubwa ya vyakula vibichi barani Ulaya.

Ila mimi kilichonikaa zaidi ni mwanga. Wale jamaa walijenga kwa akili. Paa ni refu, kuta zina nafasi za kupitisha hewa, na jua kali la Mediterania likipenya kwenye vioo linashuka limeshapoa, laini, likitua juu ya nyanya bila kuziunguza. Pamoja na samaki wote wale, hakuna ile harufu inayokufukuza mlangoni. Inanukia chumvi, machungwa, jibini na, ukikata kona, kahawa.

Na msidhani wamelala kwenye historia. Mwaka 1996, wakati wengi wetu hata barua pepe hatujaijua, soko hili lilianza kutumia kompyuta katika mauzo na kupeleka mizigo hadi nyumbani kwa mteja. Mama mtu mzima ananunua, anaacha anwani, anaondoka mikono mitupu kwenda zake kunywa kahawa.

NANI WA MWISHO?

Sasa tuingie. Jambo la kwanza litakalowachanganya ni kwamba mbele ya kizimba hakuna foleni. Watu wamesimama ovyo, mmoja huku, mwingine kule, wawili wanaongea, mmoja anachezea simu. Mtafikiri ni vurugu, mtajipenyeza, na mtaangaliwa kwa jicho ambalo halihitaji mkalimani. Foleni ipo, ila iko kichwani. Ukifika unauliza kwa sauti, "¿Quién es el último?", yaani nani wa mwisho? Mtu atainua kidole. Basi, wewe uko nyuma yake, na sasa wewe ndiye wa mwisho mpaka aje mwingine aulize. Baada ya hapo uko huru kutazama kizimba cha jirani, mradi usimpoteze machoni huyo uliyemfuata. Mtaratibu kati yenu ashike foleni, yule mwenye macho yasiyotulia akazunguke.

La pili: mikono nyuma. Matunda hayabonyezwi. Muuzaji ndiye anayekuchagulia, na kwa sisi tuliozoea kupekua fungu lote mpaka chini hili linataka moyo. Lakini sikilizeni atakachouliza kabla hajachagua. Ukiomba nyanya, tikiti au parachichi, anauliza, "¿Para hoy o para mañana?" Kwa leo au kwa kesho? Ukisema leo, anakupa lililoiva sawasawa, la kuliwa mchana huohuo. Ukisema kesho, anakupa lenye siku moja ya kusubiri. Jamani, supamaketi ipi ilishawahi kukuuliza hivyo?

Na hapo ndipo penye kazi kwenu wawili. Wengi wetu tuliooana au tunaoishi pamoja katika miaka hii ya kazi nyingi tunakula kwa zamu bila kujua. Mmoja anakula ofisini saa 8, mwingine anakuta chakula kwenye hotipoti saa 3 usiku, wikiendi tunaagiza. Swali la "leo tunakula nini, na kesho je?" tumeliachia dada wa kazi au mwenye pikipiki anayeleta chakula. Pale mbele ya muuzaji, na watu wanasubiri nyuma, lazima mgeukiane mjibu. Kesho mtakuwepo? Mtapika au mtatoka? Nani atapika? Niliwaona vijana wawili, watalii kama sisi, wakibishana juu ya matikiti kwa dakika nzima huku muuzaji amekunja mikono anatabasamu, kama mtu aliyekwishaona ndoa nyingi zikipita mbele ya kizimba chake.

La tatu ni vipimo. Bei zimeandikwa, kwa kilo, na hakuna kupatana. Usijaribu, utajiaibisha. Lakini mtasikia wenyeji wakiagiza "cuarto y mitad", na kamusi haitawasaidia. Ni robo na nusu yake, yaani gramu 250 na gramu 125 juu, jumla gramu 375. Ni kipimo cha watu wawili wanaojua wanachokula. Jibini, zeituni, nyama ya kusaga, vyote vinakwenda kwa robo na nusu yake. Sisi tuliokulia maduka ya "nipe robo ya sukari" hatuna haja ya kufundishwa mara mbili. Na hata kama bei haishuki, nyongeza ipo! Mnunue samaki, mtashangaa kuona kishada cha majani ya paseli kimetumbukizwa mfukoni bure.

Na kwa kina dada na kina kaka wenye wivu, nawaonya mapema. Wauzaji wa Valencia, hasa wanawake, humwita mteja "reina", malkia, au "bonica", mrembo, au "guapo" akiwa mwanamume. Mumeo ataitwa guapo na mama wa makamo mwenye kisu cha samaki mkononi. Ni kama vile kwetu muuza nyanya anavyokuita mpenzi au bosi. Usinune. Kata tiketi ya kucheka.

Kuhusu picha, ombeni ruhusa kwanza, na ikiwezekana nunueni kwanza kabisa. Mtu aliyekuuzia lozi za euro mbili atakupozia mwenyewe.

MANENO TUNAYOYAJUA

Kinachofurahisha ni kwamba hamtakuwa wageni kiasi hicho. Waislamu waliitawala Valencia kwa karne tano hivi, mpaka mfalme Jaime I wa Aragon alipoiteka mwaka 1238, na Kiarabu chao kilibaki jikoni. Mhispania anasema azúcar, sisi sukari. Yeye aceituna, sisi zeituni. Yeye limón, sisi limau. Yeye azafrán, sisi zafarani. Hata neno zoco, ambalo Wahispania hulitumia kwa masoko ya upande wa Moroko, ni ndugu wa neno letu soko. Yametoka chanzo kimoja, mengine yakapanda kaskazini, mengine yakashuka na majahazi hadi pwani yetu. Nilimsomea muuza viungo mmoja maneno yetu kutoka kwenye karatasi, akayarudia moja moja kama mtu anayeonja.

Zafarani ipo, kwenye vichupa vidogo, inauzwa kwa gramu, na mkiuliza bei msishtuke: gramu moja huhitaji maua kama 150, na kila ua huchumwa na kunyonyolewa kwa mkono. Nyingi ya maana hutoka La Mancha. Pembeni yake mtaona unga wa rangi ya njano wa bei chee, na siri ni kwamba nyumba nyingi za Valencia hupikia huo huo siku za kawaida. Mkinunua, nunueni zafarani ya nyuzi, si ya unga, na iwe ndiyo zawadi ya nyumbani. Haina uzito, haivuji, na mama mkwe ataheshimu.

Kisha kuna chufa. Ni vijipunje vya kahawia, vimekunjamana, vitamu kidogo, na mkulima wetu yeyote akiviona atashika kichwa, kwa sababu mmea wake ni jamaa wa karibu wa ndago. Ndiyo, ndago ileile tunayoilaani shambani! Valencia wanailima kwa heshima zote, hasa vijiji vya kaskazini mwa mji kama Alboraya, wanaloweka, wanasaga, wanakamua, wanatia sukari, na kupata horchata: kinywaji cheupe kama maziwa bila tone la maziwa, kinachonyweka baridi mchana wa joto. Huchovya humo mikate mirefu laini iitwayo fartons, sawa na sisi na andazi kwenye chai. Haina kilevi, kwa hiyo hakuna anayeachwa nyuma.

Nikiwa hapohapo, niseme na wasomaji wangu Waislamu. Nguruwe ni mfalme wa soko hili. Mapaja yake yaliyokaushwa kwa chumvi yananing'inia vizimba hadi vizimba, na kisu kilichokata hapo kinaweza kukata na jibini yenu. Nunueni jibini kwa muuza jibini asiyeuza nyama, ulizeni kabla ya supu na soseji yoyote, na egemeeni upande wa samaki, mboga, mchele na matunda. Hamtakosa. Kwa wanaokula, tazameni rangi ya lebo kwenye kifundo cha paja: nyeusi ndiyo ya juu kabisa, nguruwe wa asili ya Iberia aliyenenepeshwa kwa matunda ya mialoni, na nyeupe ndiyo ya chini kati ya hao wa Iberia. Robo ya robo inatosha kuonja.

SAMAKI, KONOKONO NA UBISHI

Upande wa samaki ndio niliokaa muda mrefu kuliko wote. Pweza na ngisi, kamba wekundu, dagaa wa fedha waliopangwa kama sarafu, na vichwa vya samaki kwa ajili ya supu, maana hapo hakitupwi kitu. Msimu wa joto kuna kome wadogo wa Valencia, clòtxines, na wenyeji wana kanuni: huliwa miezi ambayo jina lake kwa Kihispania halina herufi r, yaani mayo, junio, julio na agosto. Mikunga ni kitoweo cha Albufera, ziwa lililo kusini mwa mji. Jina Albufera lenyewe ni la Kiarabu, maana yake bahari ndogo, na mzizi wake ndio uliotupa sisi neno bahari. Siku za Jumatatu msitegemee samaki wa maana, kwa sababu boti hazikutoka Jumapili.

Konokono nao wapo, hai, wanapanda kingo za sanduku. Mwenzangu aliondoka hapo kimyakimya na sikumwita.

Kuzunguka ziwa hilo la Albufera ndiko kunakolimwa mchele, na huo ndio mzizi wa chakula kilichoipa Valencia jina duniani, paella. Hapa kuwa makini na maneno yako. Paella ya Valencia si kila kitu cha baharini kilichotupwa kwenye wali wa njano. Ya asili ni kuku, sungura, maharage mabichi mapana, maharage makubwa meupe yaitwayo garrofó, nyanya, paprika, zafarani, mafuta ya zeituni na mchele wa punje fupi. Konokono akipatikana anaingia. Kitunguu hapana, na ukikitaja kizimbani utasababisha mjadala wa foleni nzima. Ya samaki ipo na ni halali, ila inatajwa kwa jina lake.

Chakula hiki huliwa mchana, na kwa desturi huliwa kwenye kikaango chenyewe, duara pana, kila mtu na kijiko chake cha mti akichimba upande wake tu. Sisi tuliolelewa na sinia tunajua adabu hiyo: kula kilicho mbele yako.

NDEGE WA SANT JOAN

Mkitoka, msikimbilie teksi. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa la Santos Juanes, na juu yake kuna ndege wa chuma anayeonyesha upepo. Ana hadithi ambayo wazee wa Valencia huisimulia, na Vicente Blasco Ibáñez aliiingiza katika riwaya yake Arroz y tartana ya mwaka 1894. Inasemwa kwamba zamani baba maskini wa milimani, upande wa Aragon, alikuja sokoni na mtoto wake wa kiume. Akamwambia, mwanangu, mtazame yule ndege juu, usimwondolee macho. Mtoto akakodoa. Baba akajipenyeza kwenye umati akaenda zake. Mtoto akishuka na macho, baba hayupo. Analia, anazunguka, mpaka mwenye duka fulani anamchukua awe mwanafunzi wa kazi, alale chini ya meza ya kuuzia. Husemwa kwamba wafanyabiashara kadhaa wa mji huo walianza maisha hivyo. Iwe kweli au ngano, ukisimama pale na kumtazama huyo ndege, mkono wa mwenzako unaushika bila kuambiwa.

Hatua chache kutoka hapo ni La Lonja, jumba la wafanyabiashara wa hariri, lililoanza kujengwa mwaka 1482 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Nguzo zake zimesokotwa kama kamba kwenda juu. Juu ya kuta kuna maandishi ya Kilatini yanayozunguka ukumbi, na ujumbe wake kwa ufupi ni kwamba biashara ni njema ikiwa mfanyabiashara hadanganyi kwa maneno, anatimiza kiapo kwa jirani yake na hakopeshi kwa riba. Walikuwa wakiweka mikataba chini ya maneno hayo.

Na kama mmefika Alhamisi, tembeeni hadi kanisa kuu mfike kabla ya saa 6 mchana. Kwenye mlango wa Mitume hukaa Mahakama ya Maji, wakulima waliovaa nguo nyeusi, wakisikiliza kesi za mifereji inayomwagilia mashamba ya kuzunguka mji. Hakuna mawakili, kesi ni kwa mdomo. UNESCO iliitambua mwaka 2009. Mara nyingi hakuna kesi na yanakwisha kwa dakika chache, wenye kusafiri kwa ajili yake wanaguna. Lakini zile bamia, samahani, zile atichoki na maharage mliyobeba kwenye mfuko yamemwagiliwa na maji hayohayo wanayoyaamua.

MKIRUDI NA MIFUKO

Ushauri wangu mkubwa ni huu: msikodi chumba cha hoteli, kodini nyumba ndogo yenye jiko, hata kwa siku tatu. Bila jiko, soko hili litawafanya watazamaji, na watazamaji ndio wanaoliua. Mtaishia kununua kikombe cha matunda, tena mkilalamika bei. Wekeaneni fungu la pesa kabla ya kuingia, tuseme mmoja anashika la mboga na matunda na mwingine la samaki au nyama, na kila mtu aruhusiwe ununuzi mmoja wa kijinga bila kuulizwa. Mimi nilinunua chumvi yenye limau. Mwenzangu alinunua kikaango cha paella katika duka la jirani, nacho kilirudi nyumbani kikiwa begi la mkononi.

Milango hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mlangoni mtasoma 7:30 na 15:00, msije mkachanganya na saa zetu. Jumapili ni kufuli. Saa nzuri ni kabla ya saa 4 asubuhi, wakati wauzaji bado wana maneno. Kati ya saa 3:30 na saa 5, wenyeji husimamisha kazi kwa mlo wao wa katikati ya asubuhi, esmorzar, mkate mkubwa uliojazwa, na pembeni zeituni na karanga za maganda. Kaeni nao kwenye baa iliyo ndani ya soko, kama mtapata kiti. Machungwa ya hapo fuateni kuanzia Novemba, msiyatafute Agosti. Agosti ni ya nyanya, pichi na matikiti.

Sasa mko jikoni. Kaangeni nyama kwa mafuta ya zeituni mpaka ibadilike rangi, kisha maharage, nyanya iliyokunwa, paprika kidogo isiungue, maji, zafarani, chumvi, na acheni ichemke taratibu mpaka supu ipate nguvu. Mchele msiuoshe. Utawanyeni mara moja, kisha msiukoroge tena, hata mkono ukiwasha. Hapo ndipo mtakapogombana, maana mmoja wenu ni lazima atataka kukoroga. Mnyang'anyeni mwiko. Dakika kama 18 hivi, maji yakikauka, ongezeni moto kidogo na tegeni sikio: ukianza kusikia chini kunapasukapasuka, ukoko unajitengeneza. Wao huuita socarrat na huugombania kama sisi. Zimeni, funikeni kwa kitambaa dakika tano, leteni vijiko viwili.